Mwongozo Kamili wa Kupanga Madaraja katika Mashindano ya Glaida

Mwandaaji wa mashindano ya glaida huamua mambo mengi kabla ndege ya kwanza haijavutwa kwenda angani, lakini uamuzi unaozaa malalamiko mengi kuliko yote ni ule wa nani ashindane na nani. Glaida ni ndege isiyotegemea injini: hupanda kwa kuzunguka ndani ya mkondo wa hewa joto, kisha huteleza kuelekea mkondo mwingine, na katika mbio mshindi ni yule anayeimaliza njia ya siku kwa kasi kubwa zaidi. Glaida ya faibaglasi iliyobuniwa miaka ya 1960, kama Standard Cirrus, husafiri takriban kilomita 37 kwa kila kilomita 1 ya kimo inachopoteza; glaida kubwa za kisasa, zenye mabawa yanayozidi mita 25 kutoka ncha hadi ncha, hufika kilomita 60. Ukiwaweka marubani wa ndege hizo mbili katika orodha moja ya matokeo bila marekebisho yoyote, mshindi anajulikana tangu ndege zikiwa bado kwenye trela.

Daraja, kwa hiyo, ni ahadi anayopewa rubani kwamba akishindwa ameshindwa na rubani mwenzake, si na mfuko wa mwenzake. Ahadi hiyo haitimizwi kwa kuongeza madaraja hadi kila ndege iwe na lake, kwa sababu ushindi dhidi ya washindani watatu haumfurahishi mtu kwa muda mrefu. Hatua zifuatazo zimepangwa kama kazi yenyewe inavyofanyika, kuanzia miezi kadhaa kabla ya mashindano hadi siku ya mwisho ya alama.

Hatua ya kwanza: Hesabu glaida zilizopo

Kamati nyingi huanza kwa kufungua kanuni za IGC, tume ya glaida ya shirikisho la michezo ya anga duniani, FAI, na kuyanakili madaraja yote yaliyomo. Yako Daraja Huria lisilo na kikomo cha mabawa, daraja la mita 20 la glaida za viti viwili, la mita 18, la mita 15, Daraja Sanifu ambalo pia ni la mita 15 lakini bila flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoinamishwa ili kubadili umbo lake), Daraja la Klabu linalotumia hendikapu (namba ya kufidia ubora wa ndege), na daraja la mita 13.5. Hayo ni madaraja saba, na hata ubingwa wa dunia, unaokusanya marubani kutoka kila upande, huyagawa katika viwanja na nyakati tofauti badala ya kuyabeba yote mahali pamoja. Mashindano ya ndege 50 hayana sababu ya kujaribu jambo ambalo ubingwa wa dunia umelikwepa.

Badala yake, chukua orodha za washiriki wa misimu miwili au mitatu iliyopita na uandike jedwali moja. Kila mstari uwe wa ndege moja: aina yake, upana wa mabawa, kama ina flapu, kama hubeba maji ya kuongeza uzito, kama ina injini, na uzito wa juu unaoruhusiwa na cheti chake. Glaida ambazo ncha zake hubadilishwa ili ziruke kwa mita 15 au mita 18 ziandikwe pande zote mbili na zitiwe alama, kwa kuwa wenye ndege hizo ndio watakaokusaidia kusawazisha idadi baadaye. Jedwali likikamilika, makundi huonekana yenyewe, na mara nyingi hayalingani na ulivyodhani.

Mimi hutumia kipimo hiki, ambacho ni cha uzoefu na si cha kanuni: daraja lenye ndege chini ya 8 lisifunguliwe, lenye 12 hadi 30 ni zuri, na likizidi 40 lianze kukutia wasiwasi, si kwa ajili ya alama bali kwa ajili ya msongamano angani. Chini ya 8, siku moja mbaya ambapo ndege tatu zimetua mashambani huacha mbio isiyo na maana. Na bingwa wa daraja la watu watano hujua moyoni kwamba medali yake ilikuwa ya kupewa.

Hatua ya pili: Chagua mipaka michache, inayopimika kwa futi kamba na mizani

Mpaka mzuri wa daraja ni ule ambao mkaguzi anaweza kuuthibitisha akiwa amesimama kando ya ndege bila kumwuliza mwenye ndege swali hata moja. Upana wa mabawa hupimwa kwa futi kamba. Kuwepo kwa flapu huonekana kwa macho. Uzito husomwa kwenye mizani. Kila unapoongeza mpaka usioweza kupimwa hivi, umeongeza rufaa.

Historia ya mchezo huu ina mafunzo ya kutosha. Mashindano ya kwanza ya kimataifa ya kiwango cha ubingwa wa dunia yalifanyika Wasserkuppe, Ujerumani, mwaka 1937, na yakafuatiwa na ya Samedan, Uswisi, mwaka 1948. Ndege zilipozidi kuwa kubwa na ghali, Daraja Sanifu lilianzishwa katika ubingwa wa dunia wa Leszno, Poland, mwaka 1958, kwa nia ya kuwapa marubani glaida rahisi ya mita 15. Kanuni za awali zilikataza hata magurudumu yanayoingia ndani, kwa hoja kwamba yangeongeza gharama. Watengenezaji wakajibu kwa kuliweka gurudumu lisilosogea ndani zaidi ya tumbo la ndege ili kupunguza ukinzani wa hewa, na matokeo yake tumbo likawa karibu mno na ardhi, likaumia kwenye viwanja vyenye mabonde. Katazo lililokusudiwa kuokoa pesa likawa linaleta gharama za matengenezo, na likaondolewa. Mvutano kuhusu flapu nao uliendelea hadi ikaonekana ni heri kuwa na madaraja mawili ya mita 15. Lile lenye flapu liliingia ubingwa wa dunia huko Châteauroux, Ufaransa, mwaka 1978. Kabla ya kukataza kifaa chochote, basi, jiulize mbunifu mwerevu atafanya nini ili apate faida ileile kwa njia nyingine.

Kuna wanaodai kwamba suluhisho ni aina moja ya ndege kwa wote. IGC ilijaribu hivyo kwa daraja lililotumia PW-5 peke yake, glaida ndogo iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Warsaw, na ubingwa wake wa kwanza wa dunia ukafanyika Inönü, Uturuki, mwaka 1997. Usawa ulipatikana, lakini marubani hawakujaa. PW-5 huteleza takriban kilomita 32 kwa kilomita 1 ya kimo, na rubani aliyekuwa na pesa za kuinunua angeweza kutafuta glaida ya Daraja Sanifu iliyotumika na akaenda mbali zaidi. Hatimaye nafasi hiyo ilichukuliwa na daraja la mita 13.5, kipimo ambacho PW-5, yenye mabawa ya mita 13.44, bado inaingia. Watu hawanunui ndege ili tu kanuni yako ifaulu. Panga daraja kwa ndege walizo nazo.

Umri wa ndege nao haufai kuwa mpaka. Glaida ya mwaka 1975 iliyosuguliwa upya, ikazibwa kila upenyo na kuongezewa vibawa vya nchani, haifanani na dada yake iliyokaa nje kwenye mvua, ingawa nambari zao za kiwandani zinafuatana. Na si kila mpaka unaoonekana wazi unatosha. Daraja la viti viwili la mita 20 ni mfano mzuri: Duo Discus, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1993, haina flapu, wakati Arcus ya mwaka 2009 inazo. Upana wa mabawa ni uleule, hivyo zote mbili zinaingia, lakini katika siku yenye hali nzuri ya hewa Duo Discus hubaki nyuma. Kamati inayotaka kuziweka pamoja, na kwa kawaida haina budi, itumie hendikapu na iseme hivyo mapema.

Daraja Sanifu lenyewe limekuwa na bahati ya ajabu. Kizazi cha LS8, ambayo ilitokana na LS6 iliyoondolewa flapu, pamoja na Discus-2 na ASW 28, kilitoka kati ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada yake watengenezaji wakaelekeza nguvu zao kwenye glaida za mita 18. Wengi waliona huo ndio mwisho wa daraja. Mimi naona ndivyo lilivyopata usawa ambao hakuna kanuni iliyowahi kuuleta, kwa maana ndege ya miaka ishirini bado inashinda.

Hatua ya tatu: Amua habari ya maji kabla ya jambo jingine lolote la uzito

Glaida nyingi za mbio hubeba maji ndani ya mabawa. Asiyeujua mchezo hushangaa kwa nini ndege isiyo na injini iongezwe uzito. Sababu ni kwamba uzito haubadilishi sana pembe ya kuteleza. Unachobadilisha ni kasi ambayo pembe hiyo hupatikana, na kasi hiyo hukua kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito. Chukua glaida yenye kilo 36 kwa kila mita mraba ya bawa, uijaze maji hadi ifike kilo 50. Hamsini kugawanya kwa thelathini na sita ni takriban 1.39, na kipeuo chake cha pili ni 1.18. Ndege ileile sasa huteleza kwa pembe ileile ikiwa na kasi iliyozidi kwa asilimia 18. Gharama yake ni kupanda polepole zaidi ndani ya mkondo, na katika siku yenye mikondo dhaifu rubani huyamwaga maji yote hewani.

Faida ya asilimia 18 ni kubwa kuliko tofauti ya ndege nyingi za kizazi kimoja. Kwa hiyo daraja haliwezi kuwa na usawa bila kuwa na kikomo cha uzito. IGC imeweka kilo 600 kwa daraja la mita 18 na kilo 850 kwa Daraja Huria. Kwa mashindano yako una njia mbili safi: ama weka kikomo cha kilo kwa daraja zima, ama kataza maji kabisa kama Daraja la Klabu linavyofanya. Njia ya tatu, ya kuruhusu maji “kwa kiasi”, haipimiki na isitumike.

Katika daraja la hendikapu, katazo la maji ni karibu la lazima. Hendikapu hukadiria ndege katika uzito mmoja unaojulikana. Maji yakiruhusiwa, namba moja inatakiwa kueleza ndege mbili tofauti, ya asubuhi ikiwa imejaa na ya jioni ikiwa tupu. Zaidi ya hayo, kiwanja kisicho na bomba lenye nguvu hakiwezi kujaza ndege 50 kabla ya saa tano bila kugombanisha watu. Uliza habari ya bomba kabla ya kuandika kanuni.

Hatua ya nne: Tumia hendikapu pale tu inapoweza kubeba mzigo wake

Hendikapu ni namba inayogawanya kasi ya rubani ili kufidia ubora wa ndege yake. Ndege ya kulinganishia hupewa 1.00, iliyo bora hupewa zaidi, iliyo dhaifu hupewa pungufu. IGC ina orodha yake kwa ajili ya Daraja la Klabu, na vyama vya nchi kama Ujerumani, Uingereza na Marekani vina orodha zao. Chukua orodha moja na uitumie nzima. Kamati inayochota namba kutoka orodha mbili, au inayorekebisha namba ya ndege moja kwa sababu mwenye nayo amelalamika, imeanza kuteremka mlima usio na breki.

Tatizo la msingi ni kwamba namba moja haijui hali ya hewa ya leo. Mfano wa upepo unatosha kulionyesha. Marubani wawili wenye uwezo sawa wanaruka kilomita 150 kwenda na 150 kurudi, upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiwa usoni wakati wa kwenda na mgongoni wakati wa kurudi. Wa kwanza ana glaida yenye hendikapu 1.00 inayosafiri hewani kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa. Wa pili ana ya 1.10 inayosafiri kwa 110. Wa kwanza hutumia saa 150/70 kwenda na 150/130 kurudi, jumla takriban saa 3.30, yaani kasi ya kilomita 91 kwa saa. Wa pili hutumia 150/80 na 150/140, jumla takriban saa 2.95, yaani kasi ya 101.8. Gawanya kwa 1.10, unapata 92.6. Upepo peke yake umemwibia wa kwanza kilomita 1.6 kwa saa kila siku yenye upepo, bila yeyote kufanya kosa. Tofauti ya hendikapu ikiwa 1.30 badala ya 1.10, hasara hiyo huwa haivumiliki.

Ndiyo maana ninapendekeza tofauti kati ya hendikapu ya juu na ya chini ndani ya daraja moja isizidi takriban asilimia 15. Ndani ya mpaka huo makosa ya namba huwa madogo kuliko makosa ya marubani, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nje ya mpaka huo hutokea jambo jingine baya zaidi: mikondo huisha jioni kwa wakati mmoja kwa wote, na glaida ya polepole, iliyopangiwa njia ileile, hukutwa bado ina kilomita 60 za kwenda. Hakuna hesabu ya kugawanya kasi inayomsaidia rubani aliyetua kwenye shamba la mahindi.

Kwa daraja la hendikapu, njia za maeneo hufaa kuliko njia za vituo maalumu. Katika njia ya maeneo kila rubani hupewa muda wa chini, tuseme saa 2 na nusu, na maeneo mapana ya duara ambamo huchagua mwenyewe ageuzie wapi. Hivyo ndege ya haraka huenda mbali zaidi na ya polepole hugeuka mapema, lakini wote hutumia saa zilezile za hali ya hewa. Wapo waandaaji wanaopunguza umbali wenyewe kwa kumpa kila rubani duara la kugeuzia lenye ukubwa unaotokana na hendikapu yake. Ni wazo zuri, ila linahitaji programu ya kukokotoa alama iliyoandaliwa kwa ajili hiyo, na mkokotoaji aliyeizoea. Usilijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Hatua ya tano: Andika mapema jinsi madaraja yatakavyounganishwa

Kanuni ya kuunganisha iandikwe kabla ya uandikishaji kufunguliwa. Ikiandikwa baada ya majina kujulikana, kila sentensi yake itasomwa kama upendeleo kwa mtu fulani, na mara nyingine msomaji atakuwa sahihi.

Tuseme wamejiandikisha marubani 58: Huria 9, viti viwili 3, mita 18 wako 16, mita 15 wako 11, Sanifu 6, na glaida za zamani 13. Ukiyafuata majina ya madaraja utakuwa na sita, mawili yakiwa hayana watu wa kutosha. Viti viwili vitatu vipelekwe Daraja Huria kwa hendikapu, jumla 12. Daraja la mita 18 libaki lilivyo. Sanifu na mita 15 ziunganishwe kuwa 17: upana ni mmoja, uzito unakaribiana, na faida ya flapu ni ndogo kiasi cha kufidiwa na hendikapu ya asilimia chache. Glaida za zamani 13 ziwe Daraja la Klabu, bila maji. Umepata madaraja manne, kila moja likiwa na watu 12 au zaidi.

Kishawishi kitakuwa kuzitupa zile Sanifu 6 kwenye Daraja la Klabu, kwa kuwa nazo hazina flapu. Usifanye hivyo. Rubani wa LS8 aliyekatazwa maji hatakushukuru, na rubani wa Standard Cirrus aliyekuja kushindana na wenzake wa ndege za bei nafuu hatakusamehe.

Tahadhari nyingine ni juu ya soko. Orodha ya hendikapu ikidumu miaka mingi, marubani huitafuta ndege ambayo namba yake ni ya huruma, na ndege hiyo hupanda bei. Daraja lililokusudiwa kuwa la gharama ndogo huanza kuwa na gharama yake ya chinichini. Dawa yake ni kuipitia orodha kwa ratiba inayojulikana, si kwa hasira za msimu mmoja.

Hatua ya sita: Tenganisha madaraja angani, si kwenye karatasi tu

Madaraja yaliyopangwa vizuri kwenye matokeo yanaweza kugongana ndani ya mkondo mmoja, na hapa sizungumzi kwa mafumbo. Ndege iliyojaa maji, inayozunguka kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa ikiwa imelala nyuzi 40, huchora duara lenye nusu kipenyo cha mita 94 hivi. Glaida nyepesi inayozunguka kwa kilomita 85 kwa saa katika mlalo uleule huchora mita 68. Zikikutana kwenye mkondo mmoja, nyepesi hukata pembe ndani ya nzito kila mzunguko, na kila mmoja hupotea machoni pa mwenzake kwa sekunde kadhaa. Vifaa vya kuonya mgongano kama FLARM ni vya lazima, lakini kifaa hakifuti makosa ya mpangaji aliyewatuma marubani 58 mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Panga hivi. Kila daraja liwe na sehemu yake kwenye mstari wa kurukia, na zamu ya daraja la kwanza ibadilike kila siku ili hasara ya kuvutwa mapema na kusubiri hewani igawanywe. Hesabu uwezo wa kuvuta: ndege 7 za kuvuta, kila moja ikimaliza mvuto mmoja kwa dakika 8, huzirusha glaida 58 kwa takriban saa 1 na dakika 10. Lango la kuanzia la kila daraja lifunguliwe dakika 20 hadi 30 baada ya glaida ya mwisho ya daraja hilo kuruka, ili wa mwisho naye apate kimo. Mistari ya kuanzia ya madaraja mawili yanayofuatana iwe mbalimbali kwa kilomita za kutosha, na kituo cha kwanza cha kugeuzia kiwe upande tofauti.

Safari ya kurudi nayo yahitaji uangalifu uleule. Daraja la Klabu likisafiri kilomita 250 kwa kasi ya 90 litarudi baada ya saa 2 na dakika 47. La mita 18 likisafiri kilomita 360 kwa kasi ya 120 litarudi baada ya saa 3. Yakianza kwa kupishana dakika chache, yote mawili yatafika kwenye mstari wa kumalizia pamoja, moja likija kwa kasi kubwa karibu na ardhi na jingine likitafuta nafasi ya kutua. Refusha njia moja, au walete kutoka pande tofauti.

Hatua ya saba: Weka mizani mahali ambapo haikwepeki

Kikomo cha uzito kisichopimwa ni mapambo. Kabla ya siku ya kwanza, pima kila glaida ikiwa tayari kuruka: rubani ndani, parachuti, betri, kila kitu. Kisha ipime tena papo hapo jinsi inavyovutwa na gari kwenda uwanjani, mkia ukiwa juu ya kigari chake, na uandike uzito wa gurudumu kuu peke yake. Namba hiyo ya pili ndiyo utakayoitumia kila asubuhi, kwa sababu ni ya haraka: gari linapita polepole, gurudumu linasimama kwenye bamba, mkaguzi anasoma, gari linaendelea.

Ikizidi kwa kilo 12, rubani afungue vali na kumwaga lita 12, kisha arudi nyuma ya foleni apimwe upya. Asiadhibiwe kwa alama mara ya kwanza; kurudi nyuma ya foleni akiwa na jasho, wenzake wakimtazama, ni adhabu ya kutosha. Mara ya pili iwe na alama, na idadi yake iwe imeandikwa. Wenye injini ndani ya ndege wapimwe kama wengine, injini ikihesabiwa sehemu ya uzito, na kinasa safari chao kiwe kinanasa sauti ya injini ili ijulikane kama iliwashwa njiani.

Hatua ya nane: Kokotoa alama za kila daraja peke yake, na ubadilishe kanuni taratibu

Kila daraja liwe na njia yake, mshindi wake wa siku na alama zake, na siku isiyokuwa halali kwa daraja moja isiliathiri jingine. Katika ubingwa wa dunia daraja huhitaji angalau siku 4 halali ili bingwa atangazwe. Kwa mashindano madogo siku 3 zinaweza kukubalika, mradi idadi hiyo imetangazwa kabla. Usitoe tuzo ya jumla inayolinganisha alama za madaraja tofauti. Alama 900 za daraja lenye watu 12 na alama 900 za daraja lenye watu 30 ni vipimo viwili visivyojuana.

Mabadiliko ya mipaka ya daraja yatangazwe angalau misimu miwili kabla ya kuanza kutumika, kwa kuwa glaida hununuliwa kwa matarajio ya miaka mingi na haiuzwi kwa wiki moja. Na kila mashindano yakiisha, hifadhi jedwali la kasi halisi za kila aina ya ndege kwa kila siku, pamoja na nguvu ya upepo na ya mikondo. Msimu wa kwanza jedwali hilo halitakuambia mengi. Baada ya misimu minne litakuonyesha ni hendikapu zipi zimekaa sawa, zipi zinawabeba watu, na ni daraja gani limebaki na ndege sita zilezile kila mwaka.